Jinsi jeshi la Marekani lilivyowatoa Wanavajo nchini mwao, na kwa nini likawarudisha

Msomaji ameuliza: "Nimesoma kwamba mwaka 1864 Kit Carson aliwashinda Wanavajo katika vita kubwa ndani ya Canyon de Chelly, maelfu wakatekwa. Askari wasiofika elfu moja waliwezaje kuwakamata watu wengi hivyo kwenye nchi ya milima na makorongo? Na kama walishinda, mbona serikali iliwarudisha kwao baada ya miaka minne tu?"

Ndugu, mashaka yako ni ya haki. Vita kubwa ndani ya Canyon de Chelly haikutokea. Ripoti ya Januari 1864 ya Carson mwenyewe, ofisa aliyeongoza askari katika kampeni hiyo, inataja Wanavajo 23 waliouawa, 34 waliokamatwa na wapatao 200 waliojisalimisha. Hesabu hiyo haiwezi kueleza namna watu zaidi ya 8,000 walivyoishia kando ya mto Pecos, mbali kabisa na kwao. Kilichowatoa ni njaa iliyopangwa. Iliwaangukia wakati wa baridi, huku tayari wakiwindwa na majirani zao pande zote. Na njaa iyo hiyo ilipowafuata hadi kambini, ikalielemea jeshi lenyewe.

Tuanze na nchi, maana bila kuielewa nchi kampeni haieleweki. Wanavajo, wenyeji asilia wa kusini-magharibi mwa Marekani ambao wenyewe hujiita Diné, waliishi kati ya milima minne wanayoiheshimu kama mitakatifu: Blanca Peak mashariki, Mount Taylor kusini, San Francisco Peaks magharibi na Hesperus kaskazini. Hawakuwa na chifu mmoja wa wote. Kila kundi lilikuwa na kiongozi wake, na nguvu ya kiongozi huyo ilikuwa ni kusikilizwa tu; akikosa kusikilizwa, hana la kufanya. Walilima mahindi, maboga na ngano kwenye mabonde yenye unyevu, wakatunza mipichi ndani ya makorongo, wakafuga kondoo na mbuzi kwa wingi na kuwahamisha kati ya malisho ya juu wakati wa joto na ya chini wakati wa baridi. Mfugaji wa namna hii ni mgumu kumkamata. Lakini yako mambo matatu hawezi kuondoka nayo: shamba lililokaribia kuvunwa, ghala la nafaka na chemchemi ya maji. Hapo ndipo jeshi lilipokuja kumpata, ingawa lilichukua miaka kumi na saba kulijua hilo.

Marekani iliingia New Mexico Agosti 1846, katika vita vyake na Mexico, na Jenerali Stephen Kearny akawaahidi wakazi wa huko kwamba atawakinga na uvamizi wa Wanavajo. Wanavajo hawakuahidiwa kukingwa na wakazi hao. Kwangu mimi kosa hili la mwanzo ndilo lililozaa mengine yote. Kwa vizazi kadhaa wakazi wa New Mexico walikuwa wakivamia nchi ya Wanavajo kuteka wanawake na watoto na kuwafanya watumwa wa majumbani. Wanavajo nao walivamia vijiji vya kando ya mto Rio Grande kuchukua mifugo na mateka. Jeshi lilipokuja likauona upande mmoja tu wa ugomvi huo. Mikataba ilitiwa saini mwaka 1846, 1849, 1855, 1858 na 1861. Katika yote hiyo ni ule wa 1849 pekee ulioidhinishwa na Seneti, na hakuna hata mmoja uliowarudisha watoto waliotekwa. Kiongozi mmoja alikuwa akitia alama kwenye karatasi kwa niaba ya watu waliotawanyika nchi nzima, ambao hawakumtuma. Kijana wa kundi jingine akichukua kondoo wiki ya pili, jeshi linasema kabila zima limevunja mkataba.

Hata huo wa 1849 ulitanguliwa na damu. Tarehe 31 Agosti mwaka huo, baada ya mazungumzo na Kanali John Washington, ulizuka ubishi juu ya farasi mmoja aliyedaiwa kuibwa. Washington akaamuru askari wapige risasi. Narbona, mzee aliyekuwa amesisitiza amani kwa miaka mingi, aliuawa papo hapo na wenzake sita. Mkwewe aliitwa Manuelito, jina utakalokutana nalo tena.

Mwaka 1851 jeshi likajenga Fort Defiance, tena juu ya malisho na chemchemi zilizokuwa zikitumiwa na Wanavajo. Mwaka 1858 askari wakaipiga risasi mifugo ya Manuelito kwenye malisho hayo hayo. Tarehe 30 Aprili 1860 Manuelito na kiongozi mwenzake Barboncito wakaishambulia ngome wakiwa na wapiganaji wanaokadiriwa kufika elfu moja, wakaingia hadi kwenye baadhi ya majengo, kisha wakarudishwa nyuma na bunduki za askari. Kulipiza kisasi, Kanali Edward Canby aliongoza kampeni ya majira ya baridi ya 1860 hadi 1861. Vikosi vyake vilihangaika: mwaka ulikuwa wa ukame, farasi wakakosa nyasi na kuchoka. Hata hivyo Wanavajo waliokuwa wakifukuzwa kila siku nao hawakuweza kulisha mifugo wala kutulia mahali, na mwezi Februari 1861 viongozi wao wakaja kutafuta amani. Canby ndiye aliyeonyesha kwamba kuwanyima watu utulivu wakati wa baridi kunafanya kazi kuliko kupigana nao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikaja vikaondoa askari, na Septemba 1861 ukatokea msiba wa Fort Fauntleroy: katika mashindano ya farasi, Wanavajo walilalamika kwamba hatamu ya farasi wao ilikatwa kwa hila, milango ya ngome ikafungwa, askari wakafyatua risasi na mizinga kwa watu waliokuja kuchukua posho, wakiwemo wanawake na watoto.

Sasa tunafika kwa mwenye mpango. Watu wengi humtaja Carson, lakini aliyepanga ni Brigedia Jenerali James Carleton. Alifika New Mexico mwaka 1862 na askari wa kujitolea kutoka California kupambana na jeshi la majimbo ya Kusini yaliyojitenga, akakuta jeshi hilo limekwisha kurudi Texas. Akabaki na askari wengi wasio na adui. Aliamini pia kwamba nchi ya Wanavajo ina dhahabu. Akachagua mahali paitwapo Bosque Redondo, tambarare kando ya mto Pecos mashariki mwa New Mexico, akajenga Fort Sumner hapo. Tume ya maofisa wake mwenyewe ilimwonya: maji yana chumvichumvi, miti ya kujengea iko mbali, chakula kitatoka mbali na mto hufurika. Hakuwasikiliza. Alianza na kabila jingine, Waapache wa Mescalero, wapatao 400, waliopelekwa huko mwanzoni mwa 1863. Mwezi Aprili akawaambia Barboncito na kiongozi mwingine, Delgadito, kwamba Wanavajo wanaotaka amani wahamie huko pia. Walikataa. Mwezi Juni akatoa muda wa mwisho: 20 Julai 1863. Baada ya siku hiyo kila Mnavajo atakayeonekana atahesabiwa adui.

Carson alikuwa amejaribu kujiuzulu Februari mwaka huo, Carleton alikataa. Alipewa kikosi cha kwanza cha wapanda farasi wa kujitolea wa New Mexico, wengi wao wakiwa wakazi wenye asili ya Kihispania waliokuwa na visasi vya zamani na Wanavajo, na ruhusa ya kuajiri hadi watu 100 wa kabila jirani la Waute kama wapelelezi. Fort Defiance ya zamani ikafunguliwa upya kwa jina la Fort Canby. Kumbuka ukubwa wa kazi: watu wasiofika 1,000, farasi wanaohitaji nafaka, na nchi kubwa isiyo na barabara.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Doria ilitoka ngomeni ikifuata mabonde ya maji, si vilele, kwa kuwa mashamba yako bondeni. Ilipokuta mahindi au ngano, farasi na nyumbu walilishwa kwanza hadi washibe. Kilichobaki kilikanyagwa au kuchomwa. Mazao hayo yaliwasaidia askari maradufu, maana kila mfuko wa nafaka usioletwa kutoka Rio Grande ulikuwa siku moja zaidi ya kukaa nje. Vibanda vilichomwa, maghala yakatafutwa, chemchemi zikalindwa. Agosti ndio mwezi uliochaguliwa, mazao yakiwa yamekaribia kuiva na hakuna tena muda wa kupanda mengine kabla ya baridi. Kwa mifugo Carleton aliweka bei: dola 20 kwa kila farasi au nyumbu mzima atakayeletwa ngomeni, na dola 1 kwa kila kondoo. Fedha hiyo iliwageuza askari kuwa wawindaji wa mifugo.

Kama ungesoma ripoti za miezi hiyo bila kujua mwisho wake, ungedhani Carson ameshindwa. Farasi wake walikonda kwa kukosa nyasi. Nidhamu ya maofisa ilikuwa mbovu. Waute walitaka kubaki na wanawake na watoto waliowateka, kama ilivyokuwa desturi; Carson mwenyewe aliomba waruhusiwe, Carleton akakataa, na wapelelezi wengi wakaondoka mapema. Wiki baada ya wiki doria zilirudi zikiwa zimeua mtu mmoja, wawili, au hakuna. Lakini hesabu iliyokuwa na maana ilikuwa ya mahindi. Wakati huo huo Waute kutoka kaskazini, vijiji kadhaa vya Wapueblo, na magenge ya raia wa New Mexico yalikuwa yakivamia kwa ajili yao wenyewe, wakichukua kondoo na watu. Magenge hayo yaliteka watumwa wengi kuliko mateka wote wa Carson, na ndiyo yaliyofanya isiwepo pembe hata moja ya nchi ambapo familia ingekaa na kupumua.

Carson hakutaka kwenda Canyon de Chelly wakati wa baridi, Carleton alimsukuma. Kampeni ya Januari 1864 ndiyo iliyobaki midomoni mwa watu, basi tuiangalie kwa karibu. Tarehe 6 alitoka Fort Canby na watu 389 katika theluji. Magari ya ng'ombe yaliyotangulizwa yalikwama njiani, na maksai 27 wakafa. Kapteni Albert Pfeiffer alitumwa na askari wapatao 100 kuingia upande wa mashariki, akajikuta katika tawi liitwalo Canyon del Muerto. Kuta huko ni mwamba mwekundu uliosimama wima, sehemu nyingine kufikia mita 300. Walitembea juu ya barafu ya kijito, nyumbu wakivunja barafu kwa uzito wa mizigo. Juu yao, kwenye rafu za mwamba, Wanavajo walipiga kelele na kurusha mawe na magogo. Risasi za askari hazikuwafikia. Pfeiffer alitokea upande wa pili akiwa na wafungwa 19, wanawake na watoto, waliodhoofika kwa njaa.

Katika korongo hilo hilo upo mwamba unaosimama peke yake. Wanavajo wanasimulia kwamba watu wapatao 300 walikuwa wamejificha juu yake na akiba ya chakula, wakipanda kwa magogo yaliyochongwa ngazi na kuyavuta juu. Maji yalipowaishia, askari walikuwa wamepiga kambi kando ya kijito chini. Usiku wakashuka na kujipanga mmoja juu ya mwenzake kwenye uso wa mwamba, wakateremsha vibuyu kwa kamba za nyuzi za yuka, wakachota maji karibu na walinzi waliolala, vibuyu vikapanda mkono kwa mkono hadi juu. Wengi wa kundi hilo hawakukamatwa.

Wengine walijisalimisha, na namna walivyofanya hivyo inajibu swali lako la kwanza. Tarehe 15 Januari Wanavajo watatu walimwendea Carson na bendera nyeupe. Aliwapa hadi saa nne asubuhi ya kesho yake wawalete watu wao. Wakaja 60. Walimwambia wana njaa, watoto wamekufa, na wangekuja mapema kama si kuamini kwamba jeshi limekuja kuwamaliza kabisa. Hawakuthubutu kuwasha moto, kwa kuwa moshi ungewaonyesha walipo, na theluji ilihifadhi kila unyayo. Carson akawalisha, kisha akawaruhusu baadhi yao kurudi kuwatafuta ndugu. Habari kwamba ngomeni kuna chakula na hakuna kuchinjwa ilienea kwa kasi ambayo doria isingeweza kuifikia. Kufikia Machi maelfu walikuwa wamekusanyika Fort Canby na ngome nyingine, Fort Wingate.

Hapo hesabu za Carleton zikamgeuka. Alikuwa amekadiria kabila zima halizidi watu 5,000, na chakula, mablanketi na magari viliandaliwa kwa kadirio hilo. Waliokuja waligawiwa unga wa ngano, nyama ya nguruwe ya chumvi na kahawa, vitu ambavyo wengi hawakuwahi kuvipika. Waliukoroga unga na maji wakaunywa mbichi. Punje za kahawa wakazichemsha kama maharage. Kuhara damu kuliua zaidi ya watu 100 Fort Canby kabla hata hawajaondoka.

Safari ya kupelekwa Bosque Redondo, iitwayo Long Walk (Mwendo Mrefu), haikuwa msafara mmoja kama inavyochorwa. Yalikuwa makundi zaidi ya 50, kati ya 1863 na mwisho wa 1866, kwa njia tofauti, kilomita 400 hadi 700 kutegemea njia iliyofuatwa. Magari yalibeba baadhi ya wazee, wagonjwa na watoto. Wengine walitembea katika theluji ya Machi. Aliyebaki nyuma alikufa, au aliokotwa na wateka watumwa waliokuwa wakinyemelea mkia wa msafara. Simulizi za familia nyingi za Wanavajo zinataja wajawazito na wachovu waliopigwa risasi na askari walinzi.

Bosque Redondo, ambako Wanavajo hukuita Hwéeldi, mpango ulianza kubomoka mara moja, na kila sababu ilikuwa kwenye onyo la ile tume. Maji ya Pecos yana magadi na yaliwaharisha watu. Miti ya kando ya mto ikaisha kukatwa, na kuni zikabaki mizizi ya mesquite, mti wa jamii moja na mathenge ya Baringo na Turkana, iliyochimbwa mbali na kubebwa mgongoni kwa saa nyingi. Watu waliishi kwenye mashimo yaliyoezekwa matawi na vitambaa. Mahindi ya 1864 yalistawi hadi kuota magunzi, kisha viwavi wakaingia ndani ya magunzi. Ofisa aliyetazama shamba kutoka nje asingejua kwamba hakuna mavuno. Mwaka uliofuata viwavi wakarudi, na miaka iliyofuata ikaleta ukame, mafuriko na mvua ya mawe. Posho ya kila siku ya kila mtu ikapunguzwa. Kadi za posho za karatasi zilighushiwa haraka, jeshi likahamia vipande vya bati vilivyopigwa mhuri, na mafundi wa chuma wa Kinavajo wakavighushi navyo. Wakomanche walivamia kuchukua farasi waliosalia. Ndui ikaingia mwaka 1865. Waapache wa Mescalero, waliowekwa pamoja na adui zao wa zamani, waliondoka karibu wote usiku mmoja wa Novemba 1865, wakaacha wagonjwa wachache wawashe mioto ili walinzi wasishtuke. Kwa makadirio yanayotumika sana, Wanavajo zaidi ya 2,000 walikufa kambini.

Gharama za kuwalisha zilipita dola milioni moja, wakati serikali kuu ya Marekani ilikuwa ikilipa madeni ya vita. Wachunguzi wa bunge walifika 1865. Carleton akaondolewa kwenye uongozi wake, na mwaka 1867 wafungwa wakakabidhiwa idara ya kiraia. Mwaka 1868 Wanavajo walikataa kupanda mazao.

Wajumbe wa serikali, Jenerali William Sherman na Samuel Tappan, walifika Fort Sumner tarehe 28 Mei 1868, wakiwa na wazo la kuwahamishia Wanavajo mashariki zaidi, katika Oklahoma ya leo. Ukisoma kumbukumbu za mazungumzo, usisahau kwamba kila neno lilipita katika ndimi tatu: Jesús Arviso, aliyekuwa ametekwa utotoni na kulelewa na Wanavajo, alitafsiri Kinavajo kwa Kihispania, na James Sutherland Kihispania kwa Kiingereza. Barboncito ndiye aliyesema kwa niaba ya wote. Alieleza kuwa ardhi hii haiwapendi, kila walichopanda kimekufa, na akakataa katakata kwenda nchi nyingine yoyote isipokuwa ya kwao. Aliuliza pia juu ya watoto na ndugu walioshikiliwa utumwani na wakazi wa New Mexico; alijibiwa kwa kuelekezwa mahakamani. Mkataba ulitiwa saini tarehe 1 Juni, na viongozi 29 wa Kinavajo wakaweka alama zao. Seneti iliuidhinisha mwezi Julai. Tarehe 18 Juni zaidi ya watu 7,000 walikwisha kuanza safari ya kurudi, katika msururu wa kilomita kama 16.

Masharti hayakuwa mepesi. Walipewa takriban ekari milioni 3.3, sehemu ndogo tu ya walichokuwa nacho, na malisho mengi mazuri yakabaki nje ya mpaka. Watoto wa miaka 6 hadi 16 walitakiwa kupelekwa shule. Serikali iliahidi kondoo na mbuzi 15,000, wakafika mwishoni mwa 1869 na kugawiwa wawili kwa kila mtu. Usidhani pia kwamba wote walianza na wawili hao. Kiongozi mmoja, Hashkéniinii, na watu wake walikuwa wamejificha kuelekea Navajo Mountain miaka yote hiyo bila kujisalimisha, na kondoo wao walikuwa wameongezeka. Manuelito mwenyewe alikuja Fort Wingate mwezi Septemba 1866 tu, akiwa na watu 23 waliochakaa kwa njaa. Waliorudi walichunga pale walipokuwa wakichunga zamani, ndani au nje ya mpaka, na kuanzia 1878 serikali ilipanua eneo hilo mara kwa mara kufuata mahali watu walipokuwa tayari wanaishi. Leo limepita kilomita za mraba 70,000.